Je, Kuna Sindano ya Kuondoa Unga Mwilini?

Uwe Dandora, Kayole, Umoja, Jericho au Kariobangi, vuta kiti karibu na redio. Leo tunazungumza habari za unga, ile heroini inayowamaliza vijana wetu.

Mama mmoja alinijia kituoni akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kijana wake anatumia unga. Mpwa wake aliye chuoni alikuwa amemchapishia ukurasa wa kampuni ya ng'ambo inayouza kingamwili ya kipokezi cha opioidi cha binadamu. Mama aliona neno kinga, akapata matumaini. Akaniuliza, "Sista, nikiuza cherehani yangu, mtamdunga hii?"

Nilimwambia, "Mama, usiuze cherehani. Keti kwanza." Nawe msikilizaji nitakueleza kama nilivyomweleza yeye.

Katika ubongo, uti wa mgongo na hata matumbo, kuna vitu vidogo sana viitwavyo vipokezi. Fikiria kufuli. Mwili una funguo zake wenyewe za kutuliza maumivu. Unga, mofini na methadoni ni funguo za kutoka nje zinazoingia katika kufuli hizo hizo. Wanasayansi Candace Pert na Solomon Snyder wa Marekani walionyesha mwaka 1973 kwamba kufuli hizi zipo kweli. Ziko pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua, na hapo ndipo unga unapoua: mtu anasahau kupumua.

Sasa ile kingamwili ya mpwa. Miili yetu hutengeneza kingamwili za kushika vijidudu. Watafiti wanaweza kumdunga sungura kipande cha kipokezi, naye mwili wake ukatoa kingamwili za kukishika. Hizo huchujwa kutoka kwa damu yake, zikawekwa pamoja na rangi juu ya kipande chembamba cha ubongo. Rangi inapotokea, mtafiti anajua kufuli ziko hapo. Ni kama tochi ya kumulika. Chupa yake ndogo huandikwa kwamba ni ya utafiti tu, si ya matibabu. Hata watafiti wenyewe hawaiamini hivi hivi: huijaribu kwa panya aliyezaliwa bila kipokezi hicho, na rangi ikitokea bado, wanajua kingamwili imeshika kitu kingine. Ukimdunga mtu, haivuki kirahisi kutoka kwa damu kuingia ubongoni, na mwili unaweza kuikataa kwa njia ya hatari.

Mama alikunja karatasi yake. Akauliza, "Basi hakuna kitu?"

Kipo, na kwa matatu unafika. Hospitali ya Mathari, kwenye Barabara ya Thika, ilianza kutoa methadoni Desemba 2014. Baadaye Ngara nao wakaanza. Methadoni ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inaingia katika kufuli ile ile lakini pole pole na inakaa muda mrefu, kwa hiyo arosto inatulia na kijana haamki akiwaza kuiba sufuria ya mama yake. Kuna majirani husema huko ni kubadilisha unga kwa unga. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayekunywa dawa iliyopimwa, hajichomi sindano ya kuazimana, na anaenda kazini, huyo yuko kwenye matibabu. Lakini jua mapema: atapimwa na kuulizwa maswali mengi, huenda asianzishiwe siku hiyo hiyo, na safari ya kila siku inachosha. Nauli peke yake imewarudisha wengi mtaani.

Kuna dawa nyingine, naloksoni. Hii huingia katika kufuli na kuusukuma unga nje, mtu aliyezidiwa akarudi kupumua. Nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na unga unaweza kumrudia. Kwa hiyo hata akiamka na kukutukana, mpeleke hospitali.

Utamjuaje aliyezidiwa? Haamki ukimwita na kumtikisa. Anapumua kwa nadra au anakoroma vibaya, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Usimnyweshe maziwa. Usimmwagie maji baridi. Itisha msaada. Kama unajua kumpulizia pumzi mdomoni, mpulizie. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu asisongwe na matapishi, wala usimwache peke yake.

Hatari kubwa zaidi ni ya kijana aliyetoka rumande au kwenye kituo cha kurekebisha tabia. Mwili wake umesahau unga. Kiasi alichozoea zamani, leo kinaweza kumuua. Hili nalirudia kwa kila mzazi, kwa sababu wengi hudhani akishatoka amepona, wanalegeza macho wiki ile ile mbaya.

Wiki mbili baadaye mama alinipigia simu alfajiri. Walikuwa Allsops, yeye na kijana, wakingoja matatu ya kuelekea Mathari. Kijana alikuwa anatetemeka na anataka kurudi nyumbani. Nikaomba niongee naye. Tuliongea mpaka matatu ikaja.