Matumizi ya Matokeo ya Utafiti Katika Uandikaji wa Dawa: Mazungumzo kwa Watumishi wa Afya na Wananchi



Cheti cha dawa huandikwa kwa dakika chache, lakini kujua dawa ipi iandikwe huhitaji miaka ya uchunguzi. Matokeo ya uchunguzi huo yasipomfikia tabibu, anayeumia ni mgonjwa. Kwa hiyo mafunzo ya kuwawezesha watumishi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati kusoma na kutumia matokeo ya utafiti yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Historia ya dawa za malaria inathibitisha jambo hilo. Kwa miaka mingi klorokwini ilitolewa karibu kwa kila homa. Ilipothibitika kuwa vimelea vimekuwa sugu, Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001, ikaweka SP mahali pake. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, na Bara ikafanya vivyo hivyo mwaka 2006.

Hata hivyo, dawa nzuri ikitolewa kwa asiyeihitaji ni hasara. Utafiti uliofanyika wilayani Kibaha, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, uliwahusisha wahudumu wa afya ya jamii 22. Walipotegemea dalili peke yake, wagonjwa 1,422 kati ya 1,473 wenye homa walipewa dawa mseto. Walipotumia kipimo cha haraka cha malaria, waliopewa walikuwa 775 kati ya 1,457. Bila kipimo, basi, watu wengi walimeza dawa ya malaria hali chanzo cha homa yao kilikuwa kingine.

Utafiti uliofanyika Zanzibar mwaka 2005 ulionyesha pia kuwa kipimo hupunguza matumizi ya dawa za malaria. Lakini ulibainisha jambo la pili: uandikaji wa antibiotiki uliongezeka. Hapo ndipo penye funzo kubwa. Kipimo kilimweleza tabibu kuwa si malaria. Hakikumweleza ni ugonjwa gani. Asiyefundishwa hatua inayofuata huhamia dawa nyingine, na antibiotiki zikitumika ovyo, bakteria nao huwa sugu kama vimelea walivyokuwa sugu kwa klorokwini.

Mtumishi anayehudumia wananchi wa kata ya kijijini kama Kurui, wilayani Kisarawe, hana maktaba wala jopo la wataalamu kando yake. Kumpelekea waraka peke yake hakutoshi. Mafunzo yanayofaa yazingatie mambo yafuatayo:

1. Kuuliza swali lililo wazi: mgonjwa yupi, dawa ipi, ikilinganishwa na ipi, kwa matokeo gani.

2. Kusoma takwimu kwa lugha ya wagonjwa. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa sindano ya artesuneti asilimia 8.5. Maana yake, katika kila watoto 100 waliopewa artesuneti, zaidi ya wawili waliokolewa.

3. Kulinganisha Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na rejesta ya kituo chenyewe: waliopimwa ni wangapi, waliopewa dawa ni wangapi, na kwa nini hesabu hizo zimetofautiana.

4. Kamati za Dawa na Tiba za hospitali kuzisaidia zahanati kwa usimamizi wenye kuelekeza, usio wa kukemea. Mtumishi anayeogopa adhabu hujaza rejesta ipendeze, na rejesta ya namna hiyo haimfundishi mtu.

Ndugu Wananchi, nanyi mnayo sehemu yenu. Tabibu huandika dawa isiyohitajika mara nyingine kwa kuwa mgonjwa hataki kuondoka mikono mitupu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kipimo kimeonyesha nini, dawa ni ya nini, na imezwe kwa siku ngapi. Akielezwa kuwa kwa leo hahitaji dawa, bali arudi mara moja hali ikibadilika, aelewe kuwa ametibiwa, wala hakudharauliwa.