Nauli Ndogo, Hasara Kubwa: Safari ya Mji wa Kasino

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, yaliyotolewa baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Leo sikuja kuwaambia kwamba kamari ni haramu kisha nikakaa chini. Hilo mnalijua, hata mtoto wa madrasa analijua. Swali langu ni jingine: mbona tunalijua, na bado vijana wetu wanaingia? Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema, "Leo naenda kumuasi Mola wangu na kupoteza pesa za karo." Hufikishwa pale hatua kwa hatua. Basi natuzitazame hizo hatua moja moja, na mfano wetu uwe safari fupi ya basi, ya kwenda na kurudi siku moja.

Tunao ndugu zetu wengi Marekani, wanafunzi na wafanyakazi, na baadhi yao wako New York na New Jersey. Mfanye kijana huyo ni wewe. Ni Jumamosi, huna kazi wala masomo. Mtu anakwambia: kuna mji pwani unaitwa Atlantic City, kama kilomita 200 kutoka New York, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Basi ni rahisi, na ukifika utapewa vocha ya kuchezea. Unasema moyoni, si nakwenda kutazama tu? Unapanda peke yako.

MJI WENYEWE

Atlantic City ulikuwa mji wa mapumziko zamani sana. Mwaka 1870 walijenga njia ya mbao kando ya bahari, watu wakaja kupunga upepo. Baadaye watalii wakapungua, mji ukadorora. Mwaka 1976 wananchi wa New Jersey walipiga kura wakaruhusu kasino katika mji huo, na mwaka 1978 ikafunguliwa ya kwanza. Sababu walizopewa zilikuwa nzuri masikioni: mji utafufuka, kazi zitapatikana, na ushuru wa kasino utasaidia wazee na walemavu.

Na kweli, ushuru ulitolewa na kazi zilipatikana. Lazima tuseme ukweli. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kwamba katika pombe na kamari mna manufaa kwa watu. Ilisema yapo, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hivyo mtu akikwambia "lakini inaleta ajira," usishangae. Jibu lake lilitangulia zaidi ya miaka 1,400.

Tazama mizani hiyo ilivyokuja kujionyesha. Mwaka 1930 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 66,000. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta kama 38,500. Mwaka 2014 pekee kasino nne zilifungwa, na wafanyakazi kama 8,000 wakapoteza kazi. Ukitoka kwenye majumba yale ya taa ukatembea mitaa michache tu, unakuta maduka ya rehani yanayonunua dhahabu kwa pesa taslimu. Jiulize, ni nani anayehitaji kuuza pete yake ya ndoa akiwa safarini?

HATUA YA KWANZA: URAHISI

Turudi kwenye basi. Kwa miaka mingi kasino za mji ule zililetewa watu kwa mabasi, mamilioni kwa mwaka, na wengi wao wazee wa pensheni. Abiria aliposhuka tu alipewa sarafu au vocha ya kuchezea, wakati mwingine karibu sawa na nauli aliyolipa. Sasa fikiria kidogo. Mfanyabiashara gani duniani anakulipia nauli uende dukani kwake, kama hajui kwa yakini kwamba utaacha zaidi?

Anajua kwa sababu amepiga hesabu, nawe hukupiga. Hebu tuipige hapa. Kuna mchezo wa gurudumu unaoitwa ruleti. Gurudumu la Kimarekani lina vyumba 38. Ukiweka dola moja kwenye namba moja na mpira ukaangukia hapo, unalipwa 35 na dola yako inarudi, jumla 36. Haya, weka dola moja kwenye kila chumba, ili usikose kabisa. Umetoa 38. Umepata 36. Umeshinda, na mbili zimekwenda! Hiyo ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Mwenye kasino hana haja ya kukuibia, wala hana haja ya bahati. Anachohitaji ni wewe uendelee kukaa.

Na mashine zile za kubonyeza? Sheria ya New Jersey inataka mashine irudishe angalau asilimia 83 ya pesa zinazochezwa. Ukisikia asilimia 83 unaona ni nyingi. Lakini ikiwa mashine inarudisha kiasi hicho tu, katika kila dola 100 inabaki na 17 kwa wastani. Wewe zile 83 huziweki mfukoni, unazirudisha tena. Zinakuwa kama 69. Unarudia, zinakuwa kama 57. Mizunguko mitatu tu, bwana!

Wanavyuoni wengi wanasema neno la Kiarabu la kamari, maysir, asili yake ni yusr, yaani wepesi: mali inayokuja bila jasho. Tazama jina lilivyosadifu. Mali nyepesi, nauli nyepesi, mlango mwepesi. Wazee wetu walisema rahisi ni ghali.

Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), alifundisha kwamba mtu akimwambia mwenzake waje wacheze kamari, basi na atoe sadaka. Hajacheza bado! Ametamka mwaliko tu, na tayari anahitaji kafara ya neno lake. Kama mwaliko wa mdomo una uzito huo, je, vocha iliyochapishwa, na basi zima lililotengenezewa mwaliko?

HATUA YA PILI: UPWEKE

Ulipanda peke yako. Hakuna baba, hakuna mke, hakuna jirani wa kuuliza ulikuwa wapi. Kwenye basi kila mtu amegeukia dirisha. Ndani ya kasino kila mmoja ameikabili mashine yake. Watu elfu wako chini ya paa moja, na hakuna anayemwambia mwenzake, "Inatosha ndugu yangu, twende zetu."

Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha na safari ya upweke. Imepokewa katika Bukhari kwamba lau watu wangelijua alilolijua yeye kuhusu upweke, hakuna mpanda kipando ambaye angesafiri usiku peke yake. Wanavyuoni wameeleza hatari za njiani, wanyang'anyi na maradhi. Lakini iko hatari nyingine: mtu akiwa peke yake, nafsi yake ndiyo inayobaki kuwa mshauri wake. Na nafsi, kama mjuavyo, haikosi hoja. "Hii ya mwisho." "Nikirudisha zangu tu naondoka."

HATUA YA TATU: KUSAHAU WAKATI

Ingia sasa ndani. Tafuta saa ukutani, huioni. Tafuta dirisha, kwa kawaida hulipati. Taa ni zile zile mchana na usiku, na anayecheza huletewa kinywaji bure pale pale alipo ili asiinuke. Basi lako la kurudi nalo lina saa yake. Hata ukimaliza pesa mapema, umo mjini humo unangojea, na mashine zimekuzunguka.

Muislamu maisha yake yamefungwa na jua. Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Nyumba isiyokuonyesha jua imekuondolea swala kabla hujaweka hata senti moja mezani. Ndiyo maana katika Suratul Maidah, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ametaja kamari pamoja na pombe, akatuamrisha tujiepushe nayo, na akatueleza anachokitaka shetani: kututilia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Yeye na kuswali. Soma aya hizo leo usiku. Utaona hasara inayotajwa si ya pesa, ni ya udugu na ya swala. Anayesema "mimi nabeti kidogo tu, sipotezi nyingi" hajaelewa kilichopotea.

BASI LIMEFIKA MLANGONI

Mtasema, sheikh, sisi tuko hapa Kenya, hiyo Atlantic City tutaiona wapi? Ndugu zangu, basi hilo halina haja ya kuwangojea stendi tena. Limo mfukoni mwenu.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa neema. Mama yuko kijijini na anapokea pesa kwa dakika moja. Lakini njia ile ile imepitwa na kampuni za kubeti. Urahisi? Kuna bonasi ya kwanza ya bure, ambayo ndiyo ile vocha ya basi. Upweke? Kijana amejifunika shuka, simu iko usoni, baba anadhani anasoma. Kusahau wakati? Mechi zinachezwa usiku na mchana katika nchi ambazo hata jina la timu hawezi kulitamka, na anasubiri "mkeka" wake utike. Sheria inawakataza walio chini ya miaka 18, lakini simu ya kaka mkubwa haiulizi umri.

Na mkeka ukitika mara moja, habari hizo zinafika mtaa mzima. Ukichanika mara hamsini, hakuna anayejua ila yeye na Mola wake. Ndipo tukaambiwa, bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

RAMADHAN INATUTIBU

Sasa tazameni hekima ya mwezi huu. Mambo matatu yanampeleka mtu kwenye kamari, na Ramadhan inayatibu yote matatu.

Kwa urahisi, Ramadhan inatufundisha kujizuia hata na kilicho halali. Maji ni yako, chakula ni chako, nawe unangoja. Anayeweza kuyaacha maji ya halali kwa saa kumi na tatu ashindwe kuacha senti ya haramu?

Kwa upweke, Ramadhan inatutoa vyumbani. Tunafuturu pamoja, tunasimama tarawehe bega kwa bega. Kijana asipoonekana, mtu atauliza yuko wapi.

Kwa kusahau wakati, hakuna mwezi tunaohesabu dakika kama huu. Tunajua daku inaisha lini na adhana ya Magharibi ni saa ngapi. Swaumu ni saa ya Muislamu.

Kwa hivyo nawausia haya. Kwanza, wewe uliyekwisha kuingia, usijaribu kurudisha zilizopotea. Tamaa hiyo ndiyo kamba yenyewe. Tubu, ifute programu hiyo kwenye simu leo kabla ya futari, na mwambie mtu mmoja unayemwamini, ili usibaki peke yako na nafsi yako. Kama unazo pesa ulizoshinda, usizile. Muulize sheikh wako namna ya kuzitoa.

Pili, wewe uliye salama, usiwe dereva wa basi. Usimtumie mwenzako kiungo cha kubeti, usimsifu aliyeshinda. Ukiwa umewahi kumwalika mtu, toa sadaka kama tulivyofundishwa.

Tatu, wazazi. Mtoto akikufunulia deni lake, usimfedheheshe mbele ya watu. Akiona aibu ataficha, na akificha atacheza tena. Lakini pia usimlipie kimya kimya mara ya pili na ya tatu. Kaeni chini mzungumze, mjue pesa zinapita wapi.

Na tukisafiri, tusafiri. Uislamu haukukataza mtu kutembea na kuyaona maumbile ya Mola wake. Hata huko Atlantic City bahari ipo, haina kiingilio, na misikiti ipo, kwani Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Bangladesh, wanaishi pale. Anayekwenda atafute mwenzake wa safari, aulize msikiti kabla ya kuuliza hoteli, na avijue vipindi vya swala kabla ya kuijua saa ya basi.

Ewe Mola wetu, turuzuku cha halali kitutosheleze tusihitaji cha haramu. Warudishe vijana wetu waliopotea, na wafunike waliotubu kwa sitara Yako. Zikubali swaumu zetu na tarawehe zetu, na utufikishe Laylatul Qadr tukiwa macho. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.