Maua ya Arusi na Maana Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, Buyenzi, Bujumbura

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:



Nimetakwa na wakubwa wa Chama niseme maneno machache juu ya maua ya arusi. Nilipoletewa khabari hii nilitabasamu, kwa kuwa mimi nimezoea kuulizwa juu ya mahari, eda na mirathi, wala sikupata kuulizwa juu ya maua. Lakini nilipolifikiri jambo hili usiku, niliona kwamba si dogo kama lionekanavyo. Nimeona nyumba zikiingia katika deni kwa ajili ya maua, na nimeona nikaha ikiahirishwa kwa ajili ya maua. Basi jambo liwezalo kuzuia halali lisifanyike haifai kuitwa dogo.

Nitaanza na asili yake katika dini. Mwenyezi Mungu katika Suratur-Rahman anatuhesabia neema zake juu ya ardhi, matunda na mitende na nafaka, na mwisho wa hesabu hiyo, katika aya ya 12, anataja rehani. Tazameni: baada ya chakula cha tumbo ametaja kitu ambacho hakishibishi mtu, nacho ni harufu njema. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 37, limetajwa waridi, lakini hapo limetajwa katika khabari za Siku ya Kiyama, mbingu itakapopasuka na kuwa nyekundu mfano wa waridi. Kwa hiyo muumini akiona rehani hukumbuka neema, na akiona waridi hukumbuka kwamba neema hizi zina mwisho na zina hesabu.

Naye Mtume wetu (S.A.W.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, ametufundisha kwamba mtu akipewa rehani asiikatae, kwa kuwa si mzigo kuichukua na harufu yake ni njema. Wajukuu wake wawili, Hasan na Husein, aliwaita rehani zake za dunia. Tena mnaijua khabari ya Abdurrahman bin Auf, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alikuja mbele ya Mtume akiwa na alama ya manukato ya rangi ya manjano, na Mtume alipomwuliza akajibu kwamba ameoa mwanamke wa Kiansari. Mtume akamwombea baraka, akamwamrisha afanye karamu, ijapokuwa kwa mbuzi au kondoo mmoja. Harufu njema ndiyo iliyotoa khabari ya arusi ile. Hapakuwa na ukumbi wala mapambo, palikuwa na manukato, mahari, dua na karamu ndogo.

Sasa tuje kwetu. Wazee wetu walioingia nchi hii kutoka Ujiji, wakakaa Rumonge na hapa mjini tangu ulipoitwa Usumbura, kabla ya mwaka 1962, walikuja na dini yao, na lugha yao, na baadhi ya mila za pwani. Katika mila hizo mojawapo ni maua ya arusi. Na asiyejua maana haambiwi maana, kwa hiyo nawaomba vijana wanisikilize nizitaje moja moja.

La kwanza ni asumini. Ni ua dogo, jeupe, lisilo na fahari kwa macho. Nalo hufunguka usiku. Kwa hiyo mama zetu hulichuma alasiri lingali tumba, wakalitunga kwa sindano na uzi, na usiku ukiingia likafunguka likiwa tayari kichwani au kifuani mwa bibi arusi. Maana yake kwa wazee ilikuwa ni usafi na staha: uzuri usiojitangaza mchana sokoni, bali hujifunua usiku nyumbani. Likitungwa likawa refu la kuvaa shingoni huitwa koja.

La pili ni rehani, ambayo tumekwisha kuitaja. Hii si ua hasa, bali ni majani pamoja na vishada vyake. Hata ikinyauka na kukauka, ukiifikicha mkononi bado inanukia. Basi maana yake ni uaminifu, yaani wema unaobaki baada ya ujana kupita.

La tatu ni waridi. Hili lina rangi na harufu na miiba, na kwa sababu hiyo wazee walilifanya mfano wa mapenzi yenyewe: atakaye kulishika na ajue namna ya kulishika. Maji yake ndiyo marashi, ambayo katika nikaha hunyunyizwa kwa mrashi juu ya wageni, tajiri na maskini sawasawa.

La nne ni mkadi, ambao majani ya ua lake hukatwa vipande vyembamba na kutiwa katika nguo sandukuni. Huo ni mfano wa siri: hauonekani, lakini afunguaye sanduku huujua upo. Na huko Unguja na Komoro kuna langilangi, ua la rangi ya manjano kijani lenye harufu nzito, ambalo mafuta yake Wakomoro huyauza nchi za mbali.

Na vitu hivi vikikusanywa, asumini na rehani na majani ya waridi na vipande vya mkadi, vikafungwa pamoja na kutiwa manukato, huwa ni kikuba, ambacho mwanamke hukibana kifuani au katika nywele. Mama mmoja mzee wa mtaa wetu alikuwa akisema kwamba kikuba ni kama ndoa: kila kimoja kina harufu yake, lakini vikifungwa pamoja hupatikana harufu moja ambayo hakuna hata kimoja kilichokuwa nayo peke yake. Mimi sikuona maneno mazuri kuliko hayo katika hotuba nyingi za nikaha nilizozisikia.

Lakini kikuba kina mahali pake. Mtume amewakanya wanawake kujitia manukato na kupita mbele ya wanaume ili waisikie harufu yao. Kwa hiyo harufu ya kikuba ni ya mkusanyiko wa wanawake na ya chumba cha mume, na si ya barabarani.

Ndugu zangu, vijana wataniambia, Sheikh, siku hizi maua yana lugha ya Kizungu, ua jekundu ni mapenzi, jeupe ni usafi, manjano ni wivu. Hayo nayajua. Lakini asili yake mnaijua? Mwaka 1718 bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, ambaye mumewe alikuwa balozi Uturuki, aliandika katika barua namna watu wa Istanbul walivyopelekeana ujumbe kwa maua na matunda na vitu vidogo vidogo. Baadaye jambo hilo likaenea Ulaya, na mwaka 1819 kikatolewa Paris kitabu cha lugha ya maua chenye jina la Charlotte de Latour, kisha vikafuata vingine vingi, na havikuafikiana. Basi mnalodhani kuwa ni la Ulaya tupu, sehemu yake lilitoka katika mji wa Waislamu.

Na jingine mlijue. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 alivaa taji la maua ya mchungwa, na tangu hapo wengi wakamwiga. Na huko Ufaransa na Ubelgiji ua la krisantemu hupelekwa makaburini siku ya tarehe 1 Novemba, kwa hiyo anayempelekea mchumba wa huko ua hilo atamshangaza. Haya yote yanaonyesha kwamba maana ya ua ni makubaliano ya watu, na si nguvu iliyomo ndani ya ua. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wengine wakisema kwamba asumini ya bibi arusi ikinyauka kabla ya Isha, ndoa ina mkosi. Hayo ni maneno ya ujinga. Mtume amekataza kuchukulia vitu kuwa ni mkosi. Asumini hunyauka kwa sababu ya joto la Bujumbura, na kwa sababu aliyeichuma aliichuma mapema mno.

Sasa nataka niseme jambo linalonihusu mwenyewe, na kusema kweli ni aibu kwangu, lakini kuficha si uongofu. Binti yangu wa kwanza alipoolewa, mimi niliyekuwa nikiwahubiria watu juu ya israfu niliogopa maneno ya watu. Nikakopa fedha nikapamba ukumbi kwa maua. Maua yenyewe yalikuwa ya plastiki, ya kukodi. Na kabla wageni hawajamaliza kula, walikuja vijana wawili wakaanza kuyang'oa mezani, kwa kuwa jioni ile ile yalitakiwa katika arusi nyingine. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliinamia ua lililokuwa mbele yake akalinusa, kisha akanitazama wala hakusema neno. Deni lile nililipa kwa miezi saba, na kila mwezi nilikumbuka namna mzee yule alivyonitazama.

Binti wa pili alipoolewa, mama yake alisema, Safari hii tutatumia ya uani kwetu. Tulikuwa na mwasumini mmoja karibu na ukuta, na mirehani miwili katika madebe, na jirani akatuletea mawaridi. Wanawake wa nyua tatu walikaa mkekani tangu alasiri wakitunga na kuimba. Hatukulipa hata faranga moja kwa maua hayo, na mpaka leo wageni wa siku ile wanaikumbuka harufu yake.

Sisemi kwamba kununua maua ni haramu. Aliye na uwezo na anunue. Hata huko Kenya, kando ya ziwa Naivasha, watu wengi hupata riziki yao katika mashamba ya mawaridi yanayosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Ninalosema ni kwamba maua yasiitangulie nikaha. Mwaka 2017 Serikali ya nchi yetu iliwataka watu waliokuwa wakiishi pamoja bila ya ndoa wahalalishe ndoa zao kabla ya mwisho wa mwaka ule. Baadhi ya waliotujia siku zile, tulipowauliza kwa nini walichelewa, hawakutaja mahari, maana Mtume ameikubali hata pete ya chuma. Walitaja ukumbi, magari na mapambo. Enyi wazazi, tuogopeni kuulizwa kesho mbele ya Mola kwamba tuliwafungia vijana mlango wa halali kwa shada la maua.

Na ninyi vijana, mnaniuliza kila mwaka juu ya waridi jekundu la tarehe 14 Februari. Jibu langu ni fupi. Ua kwa msichana ambaye hukumposa ni ujumbe usio na mwenyewe. Linasema nakupenda, lakini halisemi nitamwendea baba yako lini. Nenda kwanza kwa baba yake, kisha mpelekee mkeo waridi, tarehe 14 Februari na tarehe nyinginezo zote, nawe utapata thawabu.

Kwa hiyo, kwa muhtasari, nashauri hivi. Katika posa, pelekeni rehani, maana Mtume amesema isikataliwe, na ni dalili njema ya heshima kati ya nyumba mbili. Katika nikaha, nyunyizeni marashi, yatawatosha wageni wote. Bibi arusi avishwe koja au kikuba cha maua mabichi. Yachumwe alasiri yakiwa matumba, yafunikwe kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, na yawekwe penye kivuli. Chagueni kwa pua kabla ya macho. Na kila nyumba ya Buyenzi yenye ua, ijapokuwa mdogo, ipande mwasumini mmoja na mrehani mmoja sasa hivi, wakati mabinti wangali wadogo, ili siku yao ikifika maua yawe tayari nyumbani.

La mwisho ni kwenu, waume wenzangu. Tunamtia mke maua siku moja, kisha tunamsahau miaka thelathini. Usiku huu, mtakapotoka hapa, kila mmoja na apite penye mwasumini wa jirani, aombe ruhusa, achume matumba machache, ampelekee mama watoto wake bila ya kusema neno. Akikuuliza umepatwa na nini leo, mwambie Sheikh ameniamrisha. Na kesho yake mpelekee tena, bila ya kuamrishwa na mtu.

Namwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu, awasahilishie vijana wetu njia ya halali, na azijaalie nyumba zetu harufu njema ya duniani na ya Peponi. Amin.

Wa billahi taufiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.