Kunenepa Tumbo Si Kunawiri

 

Majuzi mama mmoja alileta mtoto kliniki kupimwa uzito. Nikampima mama naye presha: 160 kwa 100. Nikarudia, ikawa vile vile. Akashangaa. "Sista, mimi siumwi popote. Hata mama mkwe anasema nimenawiri." Nilipomwambia apunguze tumbo, akaogopa. Akikonda, majirani watasema ana ukimwi. Wengi wetu tuna hofu hiyo.

Wapenzi wasikilizaji, mafuta ya mwilini hayakulala tu. Yana uhai, na hutoa homoni. Moja ni leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka wa 1994. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba ya chakula inatosha. Mafuta yakizidi, leptini nayo huzidi mpaka ubongo hauisikii tena, na mtu huendelea kutamani kula. Homoni nyingine, adiponektini, hulinda mishipa ya damu. Hiyo hupungua kadiri tumbo linavyonenepa. Tena mafuta ya tumboni hutoa kemikali zinazochokoza mishipa. Ukuta wa ndani wa mshipa huvimba polepole, bila maumivu. Mafuta hujibandika hapo, njia ya damu ikawa nyembamba na mshipa ukawa mgumu. Mwisho wake ni kiharusi au ugonjwa wa moyo.

Jipime nyumbani. Chukua tepu ya fundi wa nguo, toa pumzi, kisha uizungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, sentimita 80 au zaidi ni onyo. Kwa mwanamume, 94. Mwenye mimba asitumie kipimo hiki.

Tufanyeje? Punguza soda, sukari ya chai, mandazi na vyakula vya kukaanga. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, kunde au mboga nyingine. Tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Usinunue dawa za kukondesha, na unayenyonyesha usijinyime chakula. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, presha inaweza kushuka.

Mama yule sasa anameza dawa na huja kliniki kwa miguu. Majirani wakimuuliza, hujibu, "Natunza mishipa yangu." Nawe ukileta mtoto, usiondoke kabla hujapimwa presha. Mtoto anakuhitaji.

Kwaherini.