Kilo Moja ya Kahawa Kutoka Namswea Hadi Mnadani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani. Inachapishwa kama ilivyosomwa, isipokuwa salamu za itifaki zimeondolewa.)



Katibu wetu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze, alinipa uhuru wa kuchagua mada yoyote yenye manufaa. Nimechagua jambo lililolipia karo za wengi wetu tuliomo humu ukumbini, yaani kahawa. Sitazungumza juu ya kupanda, kupogoa wala kupiga dawa. Hayo wazazi wetu wanayajua, na wataalamu wa kituo cha Ugano wanayajua kunishinda. Nitazungumza juu ya gharama za kuuza, na juu ya wakulima wadogo kushirikiana ili gharama hizo zisiwamalize. Naomba pia ieleweke kwamba nasema kama mtoto wa Namswea, wala si kama msemaji wa ofisi ninayofanyia kazi.

Ndugu zetu wa Liuli na Mbamba Bay wasione kwamba wamesahauliwa. Tulisoma pamoja hapa kabla Wilaya ya Nyasa haijagawanywa kutoka Mbinga. Panapotajwa kahawa wao waweke usipa, na hesabu itakuwa karibu ile ile, ila usipa huoza upesi zaidi.

Ukienda kijijini mwezi wa saba, swali utakaloulizwa mara tu unaposhuka garini ni hili: "Bei ya mnadani ni shilingi ngapi?" Ni swali zuri, lakini ni nusu ya swali. Bei ya mnadani inategemea mambo ya Brazil na Vietnam, na magulio ya New York na London, na hakuna mtu wa Namswea awezaye kuisogeza hata kwa senti moja. Nusu ya pili ya swali, ambayo sijawahi kuulizwa hata mara moja, ni hii: "Kati ya shamba langu na mnada, zimekatwa shilingi ngapi, na nani amezikata?" Hizo ndizo shilingi tunazoweza kuzigusa.

Tuifuate basi kilo moja ya kahawa. Mkulima amechuma matunda mekundu, amemenya, amevundika, ameosha na kuanika. Sasa anayo kahawa kavu iliyo bado na ganda lake la ndani. Inahitaji gunia, na gunia linahitaji gari la kulifikisha ghalani, kisha kiwandani Mbinga kukobolewa. Kiwandani hupimwa, hukobolewa na kupangwa kwa madaraja. Huko lipo jambo moja ambalo limevunja urafiki wa watu wengi vijijini. Kahawa ikikobolewa hupungua uzito kwa kiasi cha moja ya tano. Kilo mia moja ulizopeleka zinatoka kama themanini hivi. Bei ya mnada hutajwa kwa kahawa safi iliyokwisha kukobolewa, tena kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50. Mkulima husikia bei hiyo redioni, huizidisha kwa kilo alizopeleka zikiwa na ganda, kisha anapopokea malipo husema karani ameiba. Mara nyingine karani ameiba kweli. Lakini ile moja ya tano haikuliwa na karani, ilikuwa ni ganda.

Sasa nitatoa mfano wa usafiri, na tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kijijini kwake. Tuseme kukodi lori kutoka kijijini hadi Mbinga ni shilingi 150,000 kwa safari. Mwenye lori hajali kama umejaza au hujajaza, kwani mafuta, dereva na mlima ni vile vile. Wakulima wawili wakipeleka magunia 10, kila gunia limebeba shilingi 15,000. Gunia likiwa na kilo 50, ni shilingi 300 kwa kila kilo. Wakulima kumi na wawili wakikusanya magunia 60 siku moja, kila gunia linabeba shilingi 2,500, yaani shilingi 50 kwa kilo. Mkulima mwenye kilo 400 ameokoa shilingi 100,000 bila kuongeza hata mti mmoja wa kahawa. Tena kumbukeni ganda: zile shilingi 300 za kilo yenye ganda ni shilingi 375 zikihesabiwa kwa kilo iliyo safi.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ushirikiano, nao hauna itikadi ndani yake. Ziko gharama zinazotozwa kwa safari, kwa ghala, kwa karatasi, kwa mlinzi. Hizo hupungua watu wanapokusanyika. Ziko nyingine zinazotozwa kwa kilo au kwa asilimia, kama ushuru wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Hizo hazipungui hata mkikusanyika kijiji kizima. Na ziko gharama za aina ya tatu, ambazo huzaliwa na huko kukusanyika kwenyewe: posho za vikao, mishahara, pikipiki ya chama, chai. Chama ni kizuri pale tu ambapo aina ya kwanza imepungua kwa kiasi kikubwa kuliko aina ya tatu ilivyoongezeka. Kama sivyo, mkulima ameondoka kwa mlanguzi akaingia kwa mlanguzi mwingine mwenye muhuri.

Vijana mnaweza kudhani haya yameanza juzi. Wazee wetu walianza kulima kahawa Umatengo katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 kilikuwapo tayari chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, kilichoanzia hasa kwenye tumbaku. Wakati huo barabara haikuwa barabara. Leo lami imetoka Songea ikapita Mbinga hadi ziwani, lakini nyakati zile kahawa ilitoka huku kwa shida, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kumudu safari ile peke yake. Ushirika haukuletwa na hotuba kama hii yangu. Uliletwa na umbali.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Rashidi Kawawa, mwana wa mkoa wetu huu wa Ruvuma. Malalamiko juu ya vyama vile yalikuwa ya kweli mengi yao: wizi, ucheleweshaji wa malipo, ukubwa usio na kazi. Lakini tazameni majira yake. Baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, na bei ya dunia ikapanda sana mwaka 1976 na 1977. Yaani mkulima alipoteza chombo chake mwenyewe wakati ule ule kahawa yake ilipokuwa na thamani kubwa. Mamlaka ya zao ilichukua kazi, na gharama zake hazikupigiwa kura na mkulima yeyote.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na hapo wengi wetu tunaingia katika historia hii tukiwa watoto. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, yaani MBICU, kilikopesha mbolea na dawa, kikakata deni wakati wa kuuza. Malipo yalikuja kwa awamu: ya awali, ya pili, na ya mwisho. Wale wa umri wangu mnakumbuka jinsi neno "malipo ya pili" lilivyotamkwa nyumbani. Viatu vilisubiri malipo ya pili. Bati lilisubiri malipo ya pili. Baba akiulizwa jambo lolote asilotaka kulijibu, alisema tusubiri malipo ya pili.

Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza kahawa ulisimamishwa, na bei ikaanguka. Kisha mwaka 1994 yakatokea mambo mawili kwa pamoja: baridi iliipiga tena kahawa ya Brazil na bei ikaruka, na hapa nchini wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Walikuja na fedha taslimu mkononi. Mkulima mwenye deni la mbolea katika chama akaona hapa analipwa leo, kule anakatwa deni na kusubiri malipo ya pili. Akauza kwa aliyeleta fedha. Simlaumu. Lakini madeni ya pembejeo hayakurudi, chama kikazama, na miaka michache baadaye hapakuwa na mtu wa kumkopesha mkulima mbolea. Kahawa bila mbolea ikawa miti ya kuni. Baadaye tulipata benki ya wananchi hapa Mbinga, nayo mwaka 2017 Benki Kuu iliifutia leseni. Kwa hiyo mtu akikuambia wakulima wa huku ni wagumu kuweka fedha zao mahali pamoja, umwambie wana kumbukumbu.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia vyama vya msingi. Yako mema yaliyotoka humo na yako manung'uniko, na sitayapima hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba agizo linaweza kuleta magunia ghalani, lakini haliwezi kumfanya mwanachama asome karatasi ya makato.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Gharama kubwa kuliko zote za kuuza kahawa haimo katika lori wala kiwandani. Ni ile tunayoiita magoma. Mnaijua. Mwezi wa pili mahindi yamekwisha ghalani, mtoto anatakiwa shuleni, na kahawa bado ni kijani mtini. Anakuja mtu mwenye fedha, naye ni jirani, mara nyingine ni ndugu, anatoa fedha kidogo kwa kahawa itakayochumwa baadaye. Tuseme ametoa shilingi 50,000, na mwezi wa saba kahawa hiyo ina thamani ya shilingi 120,000. Mkulima amelipa shilingi 70,000 kwa kutumia shilingi 50,000 kwa miezi mitano. Hakuna benki yenye riba ya namna hiyo. Hata bei ya mnada ikipanda mara mbili, yeye haimfikii, kwa sababu kahawa ile si yake tena.

Viongozi wamekataza magoma mara nyingi, na hujifanya hayapo wakati gari la kiongozi linapopita. Kukataza hakuwezi kuyamaliza, kwa sababu njaa ya mwezi wa pili haikatazwi kwa barua. Kitakachoyamaliza ni shilingi 50,000 nyingine, zenye masharti nafuu, zilizoko kijijini mwezi wa pili. Nazo zinaweza kutoka mahali pamoja tu, kwenye kahawa ya mwaka uliopita. Kama wale wakulima kumi na wawili wa mfano wangu wangeweka nusu ya kile walichookoa kwenye lori, wangekuwa na shilingi 375,000 za kukopeshana. Ni watu kumi na wawili tu, na ni lori peke yake.

Nimesema kumi na wawili kwa makusudi. Wazee walikuwa na sengu, familia za mji mmoja zikila pamoja na kuamua pamoja, na walikuwa na ngokela ya kulima ngolo kwa zamu. Hapakuwa na mhasibu kwa sababu kila mtu alimwona mwenzake akila. Kule Kindimba, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipofanya kazi na wanakijiji, ni kamati iliyopewa jina hilo la sengu iliyosimamia mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Naamini chama cha msingi kikubwa kitapona kama ndani yake vimo vikundi vidogo vya namna hii, ambavyo kila kimoja kinajua magunia yake na kukopeshana chenyewe, halafu chama kibaki na lori, ghala na kiwanda.

Lakini vitabu lazima viandikwe. Nilipita katika chama kimoja, sitakitaja, nikaomba kuona daftari la makato la msimu uliotangulia. Niliambiwa liko kwa katibu, katibu yuko msibani. Nilirudi baada ya majuma matatu, msiba ulikuwa haujaisha. Katika chama kingine nilikuta ubao ukutani, umeandikwa kwa chaki: bei ya mnada, kukoboa, usafiri, gunia, ushuru, chama, kilichobaki kwa mkulima. Mistari saba. Bibi mmoja asiyejua kusoma alikuwa akimwomba mjukuu wake amsomee mstari baada ya mstari, na alipofika kwenye "chama" alimwambia arudie. Mjukuu huyo ni mwanafunzi wa shule hii.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo. Tunao humu wahasibu wasiopungua wanane, walimu wa hesabu, na watu wa benki. Ukaguzi wa vyama unayo mamlaka yake kisheria, na hatuna ruhusa ya kuuingilia. Lakini hakuna sheria inayotuzuia kukaa na makarani wa vyama vya msingi vya kwetu siku mbili kila mwezi wa kumi na mbili, tunapokuja likizo, tukawasaidia kuweka vitabu sawa na kuandika ubao. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaosoma utunzaji wa hesabu wafuatane nasi, watajifunza zaidi ya yaliyomo kitabuni. Nimeweka karatasi mezani kwa Katibu. Nimeandika jina langu kwa ajili ya Namswea, na nafasi za vijiji vingine ziko wazi hadi wakati wa chakula cha jioni.