HABARI YA KWELI NI SEHEMU YA TIBA

(Hotuba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Leo tunawakumbuka waliokufa kwa kipindupindu mwaka 2015. Mwezi Mei mwaka huo maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walikwama Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakinywa maji ya ziwa. Meli ya Liemba iliwachukua hadi Kigoma, kisha mabasi yakawaleta kambini kwetu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha katika mlipuko ule.

Wazee wetu wa Kivu wanakumbuka Goma, Julai 1994. Takriban wakimbizi 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, huku misaada ikimiminika kutoka nchi nyingi. Kumbe wingi wa waganga hautoshi. Lazima wajue mgonjwa yuko wapi.

Na hapa tukiri kosa letu. Mwaka 2015 tulinong'onezana kwamba anayeingia katika hema la wagonjwa harudi. Jirani yetu mmoja akamficha mtoto wake ndani usiku kucha. Asubuhi tulimzika. Hema lilikuwa mwendo wa dakika kumi tu. Sisi walimu tulizisikia habari zile, tukanyamaza.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati mambo matatu.

Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari moja: jina la mgonjwa, umri, nyumba, siku aliyoanza kuharisha, na bomba analochota maji. Kila jioni lipelekwe zahanati, ili waganga wajue pa kwenda na watu wa maji wajue bomba la kutibu. Walimu tutaandika.

Pili, tangazo liwe moja. Linalosomwa kanisani lisomwe pia msikitini, shuleni na kwenye foleni ya mgao.

Tatu, tusingoje gari. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anywe kidogo kidogo akiwa njiani kwenda zahanati. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache.

Mtoto yule angekuwa darasani leo. Tusinyamaze tena.