Kiongozi wa Karibu Huwajibika kwa Nani?

(Hotuba kwa viongozi wa walei, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo za Kikristo na wajumbe wa Haki na Amani, Kisongo)



Ndugu wapendwa, tumeombwa tuseme juu ya serikali za mitaa katika nchi iliyotoka vitani. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili latuhusu nini sisi wa Kisongo. Jibu liko karibu kuliko tudhanivyo. Kwa miaka mingi, katika eneo la gereza lililo jirani nasi, waliwekwa washtakiwa wa mauaji ya kimbari yaliyofanyika Rwanda mwaka 1994. Mahakama iliyowahukumu iliundwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba mwaka huo, ikafanya kazi yake mjini Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na shughuli zilizobaki zikahamia Lakilaki. Wengi wetu tulidhani kwamba waliokuwa ndani ya kuta zile ni majenerali na mawaziri tu. Hao walikuwamo. Lakini mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, tarehe 2 Septemba 1998, hapa Arusha, hakuwa jenerali wala waziri. Alikuwa kiongozi wa komini moja ya vijijini.

Jina lake ni Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na mwaka 1993 akawa burugumesitiri, yaani kiongozi mkuu wa komini ya Taba katika mkoa wa Gitarama. Rwanda ilikuwa na komini 145, na burugumesitiri alikuwa mtu mkubwa kwa wananchi: polisi wa komini walikuwa chini yake, na watu walimwendea kwa magomvi yao na kwa karatasi zao. Akayesu aliungwa mkono na wakubwa wa Taba alipopata kiti kile, lakini kisheria burugumesitiri aliwekwa na kuondolewa na Rais.

Mauaji yalipoanza Aprili 1994, kwa siku za kwanza Akayesu alijaribu kuyazuia. Mahakama yenyewe ilikiri hivyo. Ndipo tarehe 18 Aprili viongozi wa serikali ya mpito wakawaita maburugumesitiri kwenye mkutano huko Murambi, Gitarama. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Mahakama iliona kwamba Watutsi wasiopungua 2,000 waliuawa Taba kati ya Aprili na mwisho wa Juni, na kwamba wanawake waliokimbilia ofisi ya komini, mahali pa kuwalinda raia, walinajisiwa hapo hapo naye akijua. Wanawake wa Taba walisafiri hadi Arusha wakayasema hayo mbele ya majaji, na kwa ushuhuda wao ubakaji ulihesabiwa kwa mara ya kwanza kuwa njia mojawapo ya kutenda mauaji ya kimbari. Tunawaheshimu sana wanawake wale.

Sasa tutazame mkoa wa Butare. Huko mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, aliwazuia wauaji kwa muda wa takriban majuma mawili, na sehemu kubwa ya mkoa ilitulia. Serikali ilifanya nini? Ilimwondoa kazini. Tarehe 19 Aprili Rais wa serikali ya mpito mwenyewe alifika Butare kumsimika mwingine, akatoa hotuba ya kuwachochea watu, na mauaji makubwa yakafuata. Habyalimana naye aliuawa baadaye.

Watu hawa wawili hawakuwa sawa mbele ya Mungu. Mmoja aligeuka, mwingine alisimama imara. Walakini yatupasa kuona kilichowaunganisha: kazi ya kila mmoja ilikuwa mkononi mwa aliye juu. Wananchi wa Taba hawakuwa na njia ya kumshikilia kiongozi wao alipogeuka, wala wa Butare hawakuwa na njia ya kumbakiza wa kwao aliposimama. Serikali ilikuwa karibu sana na watu, ilifika hadi kila kilima na kila nyumba, na Wanyarwanda wamelitumia hata neno letu nyumbakumi. Ukaribu ule haukuwaokoa. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kuimarisha serikali za mitaa ni kuongeza ofisi na mihuri vijijini wanasema nusu tu ya neno.

Kanisa lina fundisho juu ya jambo hili, nalo ni la zamani. Papa Pius XI, katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1931, alifundisha kwamba ni dhuluma chombo kikubwa kunyang'anya kazi ambayo chombo kidogo chaweza kuifanya chenyewe. Twaiita kanuni ya auni. Wakubwa wawaauni wadogo, wasiwameze. Lakini tunapoifundisha, tuifundishe kwa unyenyekevu, maana huko Rwanda Askofu Mkuu wa Kigali alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala, na mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Mnamo Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watoto wake katika mauaji yale. (Nanyi viongozi wa walei mnaovaa kofia mbili, ya parokia na ya chama, mlitafakari hilo taratibu.)

Baada ya vita Rwanda ilianza upya kutoka chini. Mwezi Machi 1999 wananchi waliwachagua viongozi wa seli na sekta kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea. Mwaka 2000 ikatangazwa sera ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na mwaka 2006 wilaya 106 zikapunguzwa kuwa 30 ili ziwe na nguvu ya kutenda. Mahakama za gacaca, ambazo majaji wake walichaguliwa na majirani zao mwaka 2001, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2 hadi zilipofungwa mwaka 2012. Zilikuwa na kasoro. Mshtakiwa hakuwa na wakili, na jirani mwenye chuki aliweza kusema uongo. Hata hivyo pasingekuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu wengi kiasi kile.

Tangu 2006 mameya wa wilaya hutia saini imihigo, mikataba ya kazi: shule ngapi, barabara ngapi, watu wangapi waingie bima ya afya. Matunda yanaonekana, na asiyeyasifu hana haki. Ila mkataba huo meya huutia saini na Rais. Hapo ndipo sisi hubaki na swali, maana jicho la kiongozi humwelekea yule anayemhesabia kazi.

Na sisi je? Mwaka 1972 Tanzania ilizifuta halmashauri za wilaya. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na chama kimoja kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 kikapata zaidi ya asilimia 98. Hatusemi haya kwa ajili ya chama chochote. Twasema kwamba mwenyekiti aliyepita bila kupingwa bado yu mwenyekiti wenu, na sheria imewapa ninyi mlango ambao hauhitaji kadi ya chama. Mlango huo ni mkutano mkuu wa kijiji.

Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano huo, nao unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ninyi mnajua jinsi mashamba ya Kisongo yanavyogeuka viwanja. Mnajua pia ni mara ngapi mkutano huitishwa siku ya mnada, wanawake wakiwa sokoni na vijana wakiwa malishoni, kisha muhtasari ukaonekana umejaa sahihi.

Basi tunaziomba jumuiya zote zifanye hivi. Kabla ya mkutano ujao, kila jumuiya ichague watu wanne, wawili kati yao wanawake, wahudhurie tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee na laigwanani waombwe wawepo. Wasisaini karatasi isiyosomwa kwa sauti. Waombe taarifa ya mapato na matumizi, na orodha ya viwanja vilivyogawiwa tangu mkutano uliopita. Ikiwa taarifa haipo, wamwulize mwenyekiti kwa heshima ni siku gani italetwa, na siku hiyo iandikwe katika muhtasari mbele ya watu wote.